Dramu Kavu za Zamani Hazitoki Kwenye Kompyuta

Kijana wa mwisho kunijia alitoka Lindi mjini. Alipanda basi la asubuhi, akafika kwangu Mtwara kabla ya adhuhuri, akanisalimu, akanywa maji, akafungua laptopu. "Kaka, hizi dramu nimezikausha mpaka nimechoka," akasema. "Rivabu nimezima zote. Sikiliza mwenyewe, bado zinalia."

Nikasikiliza. Alikuwa ameazima dramu za kanisani kwao akazipanga sebuleni kwa kaka yake: nyumba mpya ya tofali za saruji, vigae chini, dari ya jipsamu, madirisha ya vioo. Kwenye programu yake ya kurekodi hapakuwa na rivabu, ule mwangwi wa kutengeneza, hata moja. Na bado kila pigo la snea, ile dramu yenye nyuzi za chuma chini, lilikuja na mkia nyuma yake, kama mtu aliyepiga kofi kwenye darasa tupu wakati wa likizo. Alichokitaka ni sauti ya zile nyimbo za dansi za miaka ya 1970 zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambazo siku hizi vijana wanatumiana kwa simu: ngoma inasema "tu" na kunyamaza, halafu gitaa na waimbaji wanapata nafasi ya kupita.

Si yeye peke yake. Swali hili nimeulizwa na vijana wa Chikongola, wa Mikindani, na wengine wa Masasi wanaonipigia simu. Majibu wanayopeana wenyewe kwa wenyewe ndiyo yanazidi kuwapoteza. Mmoja anamwambia mwenzake atafute plagini, yaani programu ndogo ya kuongeza kwenye ile ya kurekodi, mwingine abandike trei za mayai, mwingine auze pikipiki anunue maiki ya bei mbaya. Inaniuma, kwa sababu karibu kila kinachohitajika kimo ndani ya nyumba zetu tayari, na hela ya pikipiki ina kazi nyingine.

Mikia mitatu

Tuanze na neno lenyewe. Sauti kavu ni sauti inayokwisha upesi, basi. Inaweza kuwa nene, yenye besi ya kutikisa kifua, na ikabaki kavu. Mtu anayelalamika kwamba dramu zake "ni kavu mno, hazina uzito" mara nyingi anazungumzia upungufu wa besi, na huo ni ugonjwa mwingine wenye dawa nyingine.

Ukipiga ngoma, baada ya pigo lenyewe kuna mikia mitatu inayoweza kufuata. Wa kwanza ni mvumo wa ngoma. Gonga sufuria tupu kwa mwiko, italia. Ishike ukingoni kwa kiganja huku unaigonga, inanyamaza. Ngozi ya dramu nayo ni vivyo hivyo. Wa pili ni mwangwi wa chumba. Kila aliyehamia nyumba mpya anaujua: siku ya kwanza, kabla ya makochi na mapazia, ukimwita mtoto sauti yako inakurudia; wiki moja baadaye vitanda vimeingia, nguo zimejaa kabatini, na sauti imetulia ingawa kuta ni zile zile. Wa tatu ni rivabu, yaani mwangwi wa kutengeneza ambao mashine inauongeza baada ya kurekodi.

Kijana wangu alikuwa amekata mkia wa tatu, ambao hakuwa nao tangu mwanzo. Miwili ya kwanza ilikuwa imeshaingia kwenye rekodi pamoja na pigo, imechanganyika nalo kama chumvi kwenye mchuzi. Chumvi ikipungua utaongeza hata mezani. Ikizidi, huwezi kuichomoa kwa kijiko. Zipo programu zinazojaribu kuuondoa mwangwi, na zinaweza kusaidia kidogo kwenye sauti ya mtu anayeongea, lakini kwenye dramu zinang'ata pigo lenyewe, na matoazi yanatoka yakiwa na sauti ya maji.

Kuna pia geti, ile plagini inayofunga sauti mara pigo linapopita. Vijana wengi wanaitegemea. Geti linakata mkia unaobaki peke yake baada ya pigo, ila mwangwi uliolala ndani ya pigo linauacha pale pale, kwa hiyo unapata sauti ya bafuni iliyokatwa kwa mkasi. Sauti ya namna hiyo ina heshima yake: mwaka 1981 mwimbaji na mpiga dramu Mwingereza Phil Collins na fundi wake Hugh Padgham waliipa umaarufu dunia nzima kwa kupiga dramu kwenye chumba chenye kuta za mawe kisha kuukata mvumo ghafla. Ndiyo iliyotawala miaka ya 1980. Lakini ni kinyume cha kile anachokitafuta kijana anayependa rekodi za miaka kumi kabla yake.

Chumba

Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde moja. Chukua chumba cha kulala cha kawaida, chenye upana wa mita 3. Pigo moja la snea, kama hakuna kitu cha kulinyonya, linaweza kugonga kuta zaidi ya mara 100 ndani ya sekunde hiyo moja. Maiki inayasikia yote. Saruji iliyopigwa lipu laini, vigae na kioo vinairudisha karibu sauti yote inayofika, ndiyo maana nyumba zetu nzuri mpya ni vyumba vibaya vya dramu.

Hapo ndipo trei za mayai zinapoingia kwenye mazungumzo. Nimezitumia mwenyewe. Nilipoanza, nilimwomba muuza chipsi wa mtaani anikusanyie, nikazibandika ukuta mzima kwa gundi, kazi ya siku tatu. Usiku wa kwanza mama wa nyumba ya pili alikuja kuniomba nipunguze, kwa sauti ya upole ambayo bado naikumbuka. Ndani nako dramu zililia vile vile, zimepungua tu ule ukali wa juu.

Kosa langu lilikuwa kuchanganya kazi mbili. Kuzuia sauti isitoke nje ni kazi ya uzito na kuziba: ukuta mnene, mlango mzito, pasipo upenyo hata chini ya mlango, kwa sababu sauti hupita penye mwanya kama maji. Kunyonya mwangwi ndani ya chumba ni kazi ya ulaini na unene. Sauti ni hewa inayotikisika. Ikiingia kwenye kitu chenye nyuzi nyingi na nafasi ndogondogo, inajisugua humo mpaka inakwisha na kuwa joto dogo sana. Trei ya mayai haina uzito wa kufanya kazi ya kwanza wala unene wa kufanya ya pili.

Kuna kipimo ninachowafundisha wote, na hakigharimu kitu. Chukua kitambaa au godoro, weka mdomo, puliza. Hewa ikipita bure kama kwenye chandarua, sauti nayo itapita bure. Hewa ikigoma kabisa kama kwenye mfuko wa plastiki, sauti itagonga na kurudi. Hewa ikipita kwa shida, huku ukihisi kifua kinasukuma, hicho ni kitu cha kunyonya. Blanketi zito linafaulu. Godoro la pamba au la sufi linafaulu sana. Godoro la sponji inategemea: likiwa limevuliwa kava lake la nailoni ni afadhali zaidi.

Sasa unene. Wimbi la sauti ya hezi 1,000, yaani mitikisiko 1,000 kwa sekunde, maeneo ambako snea inasikika vizuri, lina urefu wa sentimita 34 hivi. Wimbi la hezi 100, penye tumbo la dramu, lina mita 3.4. Kitu cha kunyonya kinafanya kazi vizuri pale ambapo unene wake, pamoja na nafasi iliyo nyuma yake hadi ukutani, unakaribia robo ya wimbi: sentimita 8 au 9 kwa wimbi la kwanza, na sentimita 85 kwa la pili. Ndiyo sababu blanketi moja lililopigiliwa ukutani linakula ukali wa juu tu. Besi inaendelea kuzunguka, na dramu zinatoka kama mtu anayeongea akiwa na mafua. Wengi wakifika hapo wanasema sauti kavu ni mbaya. Walichokisikia ni chumba kilichokaushwa nusu.

Dawa yake ni kuliweka blanketi au godoro mbali na ukuta kwa sentimita 10 au 15, kisha kushughulikia pembe za chumba, kwa sababu besi hujikusanya pembeni. Hapa kusini tuna bahati. Msimu wa korosho ukipita, magunia matupu ya jute yanapatikana kwa urahisi. Mimi hununua mabaki ya vitambaa kwa mafundi cherehani, nikayajaza kwenye magunia bila kuyashindilia, nikayapandanisha pembeni kutoka chini hadi juu. Robota la mitumba lililofungwa halifai hata kama ni kubwa: limebanwa mno na limevalishwa plastiki, hewa haiingii. Lifungue, zilegeze nguo, zitie kwenye gunia la jute.

Rekodi kavu kuliko zote nilizowahi kufanya sikuifanyia studio yoyote. Niliifanya kwa bibi, kijijini upande wa Newala, kwenye nyumba ya miti na udongo yenye paa la nyasi. Nilikwenda kurekodi ngoma, laptopu ikiwa imechajiwa, maiki moja. Nilipopiga kofi katikati ya nyumba nilidhani masikio yameziba. Paa lile lina nyasi zenye unene wa zaidi ya shubiri moja, kuta zina mabonde na mashimo, sakafu ni udongo, na kati ya ukuta na paa kuna nafasi ambayo sauti inatoka na haikurudii. Bibi aliniuliza mbona nimesimama nacheka peke yangu.

Ngoma yenyewe

Chumba kikishanyamaza, ndipo utakapousikia mvumo wa ngoma waziwazi, na hapa watu wengi wanakata tamaa, kwa sababu wanadhani kazi imekwisha kumbe imeanza.

Wazee wetu wa Kimakonde wanaijua ngozi kuliko fundi yeyote wa studio. Kabla ya sindimba wanawasha moto wa nyasi, wanaisogeza ngoma, wanaigonga kwa vidole, wanaisogeza tena, mpaka ngozi ikaze na kutoa sauti wanayoitaka. Hewa yenye unyevu inailegeza ngozi ya mnyama, moto unairudisha. Dramu za Ulaya na Marekani zilikuwa na shida hiyo hiyo, maana ziliwambwa ngozi ya ndama. Ngozi za plastiki zilienea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, na faida yake ilikuwa kubwa: hazijali mvua. Lakini plastiki nyembamba, inayong'aa, inavuma kwa muda mrefu kuliko ngozi ya mnyama, na milio yake midogo ya juu inadumu. Kwa hiyo mafundi waliotaka ule utulivu wa zamani walianza kuzifunika.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Geoff Emerick, fundi mitambo wa studio za EMI, London. Mwaka 1966, akiwa na miaka 20, alitia sweta la sufu ndani ya dramu ya mguu ya Ringo Starr, mpigaji wa Beatles, kisha akaisogeza maiki karibu kuliko utaratibu wa studio ulivyoruhusu. Miaka michache baadaye Ringo alikuwa akifunika tomu, zile dramu zisizo na nyuzi chini, na snea zake kwa vitaulo vya jikoni. Huko Marekani wengine walivua kabisa ngozi za chini za tomu. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachohitaji fedha.

Nilimwonyesha kijana wa Lindi hapo hapo. Kwanza tuliilegeza ngozi ya juu ya snea mpaka ikakunjamana, tukaikaza skrubu kwa skrubu, kila mara tukivuka upande wa pili, mpaka mikunjo ikaisha, halafu tukaongeza robo ya mzunguko kwa kila moja. Tukapiga. Ilitoa sauti nzito, ila nyuma yake kulikuwa na mlio mwembamba, kama mbu. Nikachukua kanga ya nyumbani, ile iliyofuliwa mpaka imekuwa laini, nikaikunja mara nne, nikailaza juu ya ngozi upande wa mbali na fimbo, ikafunika theluthi moja. Tukapiga tena. Mbu akatoweka, besi ikabaki, na zile nyuzi za chuma chini ya snea zikasikika kama mchanga unaomwagwa kwenye ungo, mara moja, kisha kimya. Aliisogeza kanga mwenyewe, akaifunika ngozi yote: sauti ikafa, ikawa kama kugonga mto. Akairudisha nusu. Alikaa pale dakika ishirini akiisogeza kidole kwa kidole, na hayo ndiyo masomo yenyewe.

Kwa tomu, leso iliyokunjwa na kubandikwa kwa selotepu karibu na ukingo inatosha. Usibandike katikati, utaua pigo. Kwa dramu ya mguu weka mto ndani, uguse ngozi zote mbili kwa wepesi. Ngozi ya mbele ikiwa na tundu, maiki iingie hapo, na isipokuwa nalo, ivue kabisa. Matoazi usiyafunike. Chagua yale membamba yanayozimika upesi, na kama kanisa lina moja tu zito linalolia kama kengele, mwambie mpigaji aliguse kwa upole.

Nalo hilo la mpigaji lina uzito wake. Vijana wetu wamejifunzia kwenye ibada na mikutano ya hadhara, ambako dramu zinashindana na spika, kwa hiyo wanapiga kwa mkono wote. Kwenye chumba kidogo mkono huo unayafanya matoazi yaimeze kila maiki. Mpigaji akipiga snea kwa uthabiti na haihati, yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu, kwa wepesi, atakuwa amefanya kazi ambayo hakuna plagini itakayoifanya. Ninamheshimu mpigaji anayeweza kupunguza nguvu bila kupunguza moyo, na sio wengi.

Maiki chache, karibu

Maiki iliyo mbali inasikia chumba, iliyo karibu inasikia ngoma. Ukipunguza umbali nusu, sauti ya moja kwa moja kutoka kwenye ngoma inaongezeka mara mbili huku mwangwi wa chumba ukibaki karibu pale pale. Kwa hiyo kusogeza maiki sentimita 20 kunaweza kukausha kuliko siku nzima ya kuhangaika na vitufe.

Hofu kubwa ya vijana ni idadi. Wanaona picha za studio zenye maiki 12 kwenye dramu moja na saundi kadi yao, kile kifaa cha kuingizia maiki kwenye kompyuta, ina matundu mawili. Matundu mawili yanatosha. Maiki moja iingie kwenye dramu ya mguu, nyingine ikae juu, kiasi cha sentimita 70 au 80 kutoka kwenye snea, ikichungulia kupitia bega la mpigaji. Ya kawaida ya waimbaji inafanya kazi. Zile maiki za Shure SM57 zinazoonekana mbele ya snea nyingi duniani zilianza kutengenezwa mwaka 1965, na hazijawahi kuwa kifaa cha matajiri. Ukiwa na saundi kadi yenye matundu manne unaweza kujaribu mtindo wa Glyn Johns, Mwingereza aliyerekodi bendi za Led Zeppelin na Rolling Stones: maiki moja juu, nyingine pembeni mwa tomu kubwa ikitazama snea, na zote mbili ziwe na umbali ulio sawa kabisa na katikati ya snea. Pima kwa kamba, usikadirie kwa macho.

Sababu ya kamba hiyo inaeleweka ukiwahi kusimama ufukweni Mikindani wavuvi wakisukuma ngalawa kwenda majini. Wote wakisukuma kwa mpigo mmoja, inateleza. Mmoja akivuta wakati mwenzake anasukuma, haisogei. Maiki mbili nazo zikilisikia pigo moja kwa nyakati tofauti, moja inasukuma huku nyingine inavuta, na kinachopotea kwanza ni besi. Ndiyo maana mtu anachanganya maiki mbili nzuri anapata dramu nyembamba kama bati. Kwenye programu kuna kitufe chenye alama ya duara lililokatwa kwa mstari; kinageuza wimbi juu chini. Kibonyeze kwenye maiki moja huku unasikiliza, kisha kiache upande ambao besi ni nene.

Ukavu na uzamani

Mpaka hapa tumezungumzia ukavu. Uzamani ni jambo jingine, na vijana wanayachanganya mawili haya kila siku. Unaweza kuwa na dramu kavu zinazosikika za leo kabisa, kali na zenye kung'aa.

Rekodi za zamani zilipita kwenye kanda ya sumaku, ambayo studio nyingi ziliikimbiza kwa sentimita 38 kwa sekunde, nyingine nusu ya hapo. Pigo kubwa likifika kwenye kanda kwa nguvu kupita kiasi, kanda hailipokei lote. Inaukata ule ukali wa mwanzo taratibu, kama fundi seremala anavyopiga msasa pembe za meza. Pigo linabaki na umbo lake ila halikwaruzi sikio. Kwenye kompyuta kazi hiyo inafanywa na kompresa, plagini inayopunguza sauti zilizozidi: iache ishushe vilele kwa desibeli 3 hadi 6 tu, halafu ukitumia ikolaiza, ile ya kupunguza au kuongeza sauti za juu na za chini, punguza taratibu yaliyo juu ya hezi 10,000. Plagini za kuiga kanda zipo na baadhi ni nzuri, lakini zipe dramu zilizokwisha kutulia. Ukizipa sebule ya vigae, zitakupa sebule ya vigae iliyopita kwenye kanda.

Halafu jaribu kuziweka dramu zote katikati, bila kuzitawanya kushoto na kulia. Rekodi nyingi tunazozipenda zilitengenezwa hivyo. Utashangaa jinsi gitaa linavyopata pa kukaa.

Anayedhani nyumba ya kuishi haiwezi kutoa kazi ya maana akumbuke Motown, kampuni ya rekodi ya Marekani. Mwanzilishi wake, Berry Gordy, alinunua nyumba ya kawaida mtaani Detroit mwaka 1959, akaishi ghorofani, na studio ikawa chumba cha nyuma kilichokuwa cha mpiga picha. Wanamuziki walibanana humo katikati ya nyaya. Mwangwi walioutaka waliutia kwa kupitisha sauti kwenye nafasi iliyo juu ya dari ya nyumba, kwa kipimo chao wenyewe. Walikuwa na chumvi mkononi, haikuwa imeshamwagika sufuriani.

Kijana wa Lindi alirudi wiki iliyofuata pamoja na mpigaji wa kwaya yao. Tulipanga dramu kwenye stoo yangu, mita 3 kwa 4: zulia chini, magodoro mawili ya pamba yamesimamishwa mbele na nyuma ya mpigaji, la tatu limefungwa kwa kamba juu ya kichwa chake, magunia manane pembeni, kanga kwenye snea. Tukapiga kofi, likazimika mkononi. Tukaanza saa nne usiku, kunguru wamelala na bodaboda zimepungua, kwa sababu magodoro yale hayazuii kelele za nje hata kidogo. Feni tulizima. Kila wimbo ukiisha tulifungua mlango, mpigaji akatoka kujipepea, akajifuta jasho, akarudi.

Wimbo wa tatu ulipoisha, toazi likazimika, na kwenye hedifoni nikamsikia mpigaji akivuta pumzi, karibu kama ameketi begani kwangu. Kijana wa Lindi alikuwa amefumba macho. Aliniomba turudie mara moja zaidi, ile haihati ya ubeti wa pili hakuipenda. Nikanyoosha mkono kubonyeza, mvua ikaanza kugonga bati, na maiki ya juu ikaisikia kabla yetu. Tukazima mashine, tukakaa tukisubiri ipite.